Shuka Juu ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Mei 2003. Mahajanga

Asilimia 62. Nimeangalia kabla ya kuswali alfajiri, astaghfirullah. Jana umeme wa mtaa wetu, Mahabibo, ulikatika mara tatu, lakini kazi haikupotea. Kompyuta yangu, nisipoitumia, huchambua kelele za angani zilizonaswa na darubini ya redio huko ng'ambo, kutafuta kama kuna viumbe wanaotuita. Wanasayansi hugawa kelele hizo mafungu, kila anayejitolea na fungu lake. Mawili yalinishinda, muda ukapita, wakapewa wengine. Hili la tatu mwisho wake Jumamosi ya tarehe 17. Mume wangu anasema mwalimu wa fizikia nimekosa kazi. Nitalimaliza. Naandika kwa Kiswahili cha bibi yangu, ili watoto wasinisome.

Jumatano, 7 Mei

Shemeji Ali amefariki Marodoka, kule kisiwani Nosy Be. Mume wa mdogo wangu Raha. Moyo, ghafla. Wamemzika leo alasiri bila sisi. Nimelia jikoni.

Mavyaa wangu, Koko Zaliha, amefanya kama kawaida ya nyumba hii msiba ukiingia. Kioo, televisheni, redio, vyote kavifunika shuka. Akafika kwenye kompyuta. Nikamwacha aifunike, ila sikuizima. Nikajiona mjanja: shuka inaziba macho ya watu, kazi inaendelea chini yake. Asilimia 74.

Alhamisi, 8 Mei

Harufu ya plastiki iliyoungua. Shuka nzito ya pamba, imekunjwa mara mbili, matundu yote ya hewa yamezibwa. Nafundisha watoto wa watu habari za joto, na hili sikulifikiri. Najichukia. Koko hana kosa.

Kompyuta imekubali kuwaka mara moja asubuhi, dakika chache, nikawahi kunakili kazi yote kwenye disketi. Kisha kimya. Fundi wa sokoni ameifungua, akanusa, akaifunga. Asilimia 79, ndani ya mkoba wangu. Kesho nasafiri kwenda kwa Raha.

Jumapili, 11 Mei. Marodoka

Nimefika jana, mgongo sina. Raha yuko eda. Kavaa nyeupe, kakonda. Hatatoka nyumbani miezi minne na siku kumi. Chumbani ipo kompyuta ya marehemu, aliyokuwa akiandikia barua za duka lake la viungo. Imefunikwa shuka. Naipita kila nikienda kutawadha. Nimekuja kuhani au kuazima? Naona aibu.

Jumanne, 13 Mei

Nimesema. Siku nne zimebaki, na aibu haikunisaidia kitu. Wifi zake Raha wamenuna: mashine ya marehemu, na kaburi bado bichi. Mmoja, Fatuma, akauliza kama kutafuta viumbe wengine si kumkosea Mungu. Nikamjibu kwamba kila rakaa tunamtaja Mola wa walimwengu wote, hatusemi wa Nosy Be tu. Akageukia kazi zake, si kwamba alikubali.

Raha akasema kwa Kikomoro, taratibu:

"Niliye eda ni mimi, dada. Mashine haina eda. Iache itoke."

Akainuka, akaiondoa shuka kwa mkono wake. Nimeitia disketi. Imekubali, inaendelea pale ilipoishia.

Ijumaa, 16 Mei

Mia. Saa nne asubuhi.

Disketi mkobani, teksi hadi mjini Hell-Ville, duka la intaneti karibu na soko. Laini imekatika mara mbili. Mara ya tatu wanasayansi wamepokea. Hakuna kilichopatikana, kelele tupu. Sikusikitika hata kidogo. Kile kipande cha mbingu kimeangaliwa, na tumekiangalia sisi. Nimechukua fungu jipya. Penye jina nimeandika Raha, Marodoka.

Jumamosi, 17 Mei

Narudi Mahajanga mchana. Begi tayari. Koko ameagiza udi.

Raha ameketi mbele ya kompyuta, tasbihi mkononi. Shuka ya Ali ameikunja, ameikalia. Asilimia 4. Ameniuliza fungu hili likiisha nani atalipeleka Hell-Ville, maana yeye hatoki.

Fatuma alikuwa anachambua mchele mlangoni. Bila kugeuka, akasema Ijumaa yeye huenda sokoni Hell-Ville.