Mtumbwi Tuliouzamisha Pamoja

Mpendwa Baba Zawadi,

Tumeutoa mtumbwi. Nakuambia hili kwanza, maana tuliahidiana tutautoa sisi wawili, na mimi nimeutoa bila wewe.

Unakumbuka Jumapili zetu baada ya misa? Wenzako wa reli walipoelekea kwenye pombe, wewe ulibeba moteri ya mtumbwi begani kama mtoto mgonjwa, nami nikafuata na sufuria ya sombe, majani ya muhogo uliyoyapenda. Tulipanda mto taratibu hadi nyumba za Kindu zikawa ndogo. Kisha ulizima moteri, tukaacha maji yaturudishe. Hatukuwa na mzigo wala abiria, na watu wa ukingoni hawakutuelewa. Mama mmoja aliyekuwa akifua alituita, "Munaenda wapi?"

"Hatuendi, mama. Tunarudi tu!" ulimjibu.

"Ee! Hawa njo bazungu ya Kindu!"

Wewe ulikaa nyuma na kasia, mimi mbele na pondo, ule mti mrefu wa kupimia kina. "Maji iko?" uliuliza. "Iko." Mchanga ulipokaribia nilisema, "Hakuna," nawe uligeuza papo hapo. Kuhusu maji hukunibishia hata siku moja. Kuhusu mengine yote ulibisha.

Vita vilipofika, wenye silaha walichukua moteri yetu, wakaanza kukusanya mitumbwi. Tuliuficha wetu katika kijito nyuma ya shamba la shangazi yangu. Ulinipa mawe, nikayapanga ndani, hadi mtumbwi ukazama.

"Vita ikiisha tutaitosha mu maji sisi wawili," ulisema. "Usiiguse peke yako, mawe iko muzito."

"Na wewe usiiguse peke yako."

"Mimi? Bila wewe nitajua maji iko wapi?"

Treni hazikuja tena, chumvi ikakosekana. Ulivuka mto na baiskeli, ukashika njia ya Lubutu kuitafuta pamoja na wenzako. Wao walirudi. Walisema milio ya bunduki iliwakuta karibu na Obokote, kila mtu akakimbilia msituni. Hakuna aliyekuona ukianguka. Nimeishi kwa maneno hayo miaka yote hii. Kila mara ukoo wako ulipotaka kuweka matanga, nilikataa. Sikuwaambia kwamba mtumbwi bado uko majini, ukikungoja.

Juzi kaka yako alikuja, sasa anatembea kwa fimbo. Alisema, "Shemeji, ninataka kumuzika mudogo wangu mbele ya kufa. Lakini tuzike nini?" Nguo zako ziliporwa zote, wajua. Nilimwongezea chai. Kisha nikasema, "Kitu iko."

Jiwe la kwanza nililitoa mwenyewe. Lilikuwa zito, kama ulivyosema. Mtumbwi ulipanda mweusi, ukivuja upande mmoja tu. Wanaume waling'oa ubao wako wa kukalia, ule wa nyuma, uliobonyea kwa uzito wako. Tuliufunga katika shuka nyeupe, tukauzika karibu na mama yako. Ulikuwa ukinicheka kwa kuandika tarehe ya kila kitu, hata ya kununua ndoo. Kwenye msalaba nimewaambia waandike jina tu. Tarehe siijui.

Hata hapo sikulia, na watu waliona.

Zawadi wetu aliuziba ufa kwa lami. Leo baada ya misa akaniambia, "Mama, twende kidogo ku maji." Alikaa nyuma, juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu ubao wako uko ardhini. Nilishika pondo. Alipiga kasia vizuri, akiniambia habari za watoto wake, bila kuuliza chochote kuhusu maji. Pondo likagusa chini.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini, mama?"

Tukakwama mchangani. Zawadi alicheka, akashuka kusukuma, akadhani nami nacheka, kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa nalia, Baba Zawadi. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba umekufa.

Jumapili ijayo nitamfundisha kuuliza. Wewe pumzika karibu na mama yako. Sitakungoja tena kwenye njia ya Lubutu.

Mke wako, yule wa mbele mtumbwini,
Mama Zawadi