Bata Bukini Aliyepitiliza Wimbo

New York, 10 Machi 1930

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mwanao Nunzio, mchora katuni asiye na mpinzani mtaa huu na ule wa pili. Goti lako linaendeleaje? Baba bado anakoroma kama mtambo? Mimi ni mzima, nakula, na soksi nabadilisha.

Ulisema kuchora si kazi, nirudi Paterson nikafume hariri na Baba. Haya, sikia. Katika katuni yetu mpya ya sinema birika linaimba, jiko linacheza kwa miguu yake minne, na nyumba inapiga chafya mpaka madirisha yanaruka na kurudi, yote kwa mdundo. Katikati yupo bata bukini mnene, anaongoza bendi kwa mwiko. Huyo nimemchora mimi.

Sasa, mwanamuziki wetu, mzee Lindqvist, aliagiza tuchore picha nane kwa kila pigo la wimbo. Mimi nikachora kumi na mbili, dansi ya bata ikawa ndefu kuliko wimbo! Siku ya kurekodi, bendi ikapiga huku ikitazama picha ukutani. Wimbo ukaisha, bata wangu bado anakata viuno. Bwana Hollander, tajiri wetu, akaniambia kijana chukua kofia yako, hariri inakungoja. Lakini mpiga ngoma alipoona bata hajachoka, akaendelea kumpigia: kwenye beseni, kwenye kiti, mwisho kwenye upara wa mzee Lindqvist. Tajiri akanuna, akasema basi ionyeshwe hivyo hivyo Jumamosi. Watu wasipocheka, nichukue kofia yangu.

Mama, walicheka! Bibi mmoja alimwaga njugu zake zote. Wakapiga miguu chini mpaka ikarudiwa. Kazi ninayo.

Ila kuna jambo, na ukae kwanza. Yule bata sikumbuni. Kile kiuno, ule mwiko, ile namna ya kumfokea Baba huku unacheza, ni wewe. Hata maua ya aproni ni yako. Ndiyo maana nilikosea: nilikuwa nahesabu hatua zako, si mapigo ya mzee Lindqvist. Na Ijumaa katuni inafika Paterson, na shangazi Filomena ameshaualika mtaa mzima.

Msalimie Baba, mwambie acheke kwa siri. Tajiri anamtaka tena bata huyo, safari hii bata akiwa amekasirika, na ameniuliza kama najua atakavyotembea. Nimemjibu naja nyumbani Jumapili, nitajua.

Mwanao mtiifu, siku nyingine,
Nunzio