Mpira wa Mwisho wa Masanja

Jumamosi, Usoke.

Wapigaji watatu wenye nguvu katika timu moja ya besiboli, msimu mmoja, na bado hawaendi mashindano ya taifa.

Shija na Luhende walishapoteza mipira miwili kwenye shamba la tumbaku. Ulibaki mmoja, na ushindi tu dhidi ya Kaliua ndio ungewapeleka taifa. Mwalimu Zuhura akamsihi Masanja, "Mwanangu, piga chini tu."

"Mwalimu, wenzangu wamepeleka kwenye tumbaku. Mimi nichekwe?"

Akapiga, akasawazisha. Mpira haukuonekana tena, mwamuzi akamaliza mchezo kwa sare. Miaka yangu yote ya kuripoti michezo, upuuzi kama huu...

Kwenye lori walibishana mpira wa nani ulikwenda mbali zaidi. Mwalimu alikaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja.