Mnunuzi Asiyetia Mkono Guniani

Mama,

Makala yetu imekubaliwa. Nasema yetu, na usinibishie, maana bila meno yako isingekuwepo.

Unakumbuka nilipokuja kijijini kwetu Ruanda na daftari langu la utafiti, nikakuuliza wewe na wenzako mnajuaje kwamba kahawa imekauka? Ulichukua punje kichanjani, ukaiuma, ukatema. "Bado siku mbili." Nikaandika, nawe ukacheka: msomi mzima anaandika habari za kutafuna!

Ulipotutoka, makala ilikuwa tayari, nami nilikuwa na haraka. Chuoni walitaka niwe nimechapisha ndipo nipandishwe cheo. Jarida moja likaniandikia kwa sifa tele, nikawatumia. Siku ya tatu wakajibu: imekubaliwa, haina kasoro. Nilifurahi mpaka jioni. Kisha nikamkumbuka yule mnunuzi aliyesimamisha gari pale kwetu, akataka magunia yote bila kufungua hata moja. Ulimkatalia. "Asiyetia mkono guniani, mwogope." Nikasoma makala nyingine za jarida lile. Mama, pumba tupu! Nikaiondoa yetu. Cheo akapata mwenzangu, na iliniuma, sikufichi.

Nikachagua jarida wanalolisoma wataalamu wa kahawa wenyewe, tena lililo wazi kwa yeyote mwenye simu, hata bwana shamba wa Nanyala. Hao walitia mkono mpaka chini ya gunia. Mmoja akauliza: hayo meno mmeyapima kwa kitu gani? Nilikasirika kana kwamba amekutukana wewe. Lakini swali lilikuwa la haki. Nikaazima kipima unyevu, nikaja nyumbani, mara ya kwanza tangu arobaini yako.

Mama mdogo alinikalisha kwenye kigoda chako. Wenzako wakauma, nikapima. Wakauma tena, nikapima tena. Siku nzima kifaa kilikuwa kinawaitikia tu. Nililia palepale, nao wakaniambia nilie huku napima, jua linazama. Lile jarida la haraka lisingeniuliza kitu, na mimi nisingerudi. Ningekuwa na cheo, na kigoda chako ningekikimbia mpaka leo.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, kila nitakachoandika nitakipeleka kwa watu watakaokifungua kwanza. Na kahawa ikianikwa msimu huu, nitakuja kuwasomea wenzako makala yote kwa Kiswahili, nimekaa pale ulipokaa. Atakayebisha, nitampa punje aume.

Mwanao,
Tumaini