Maji Safi ya Ngama

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama mzima, na paa la jikoni tumeliziba.

Umeniuliza neno ngama limetoka wapi. Nahodha najua ni la Waajemi, maana yake mwenye chombo. Ngama sijui asili yake, ila nilipokuwa fundi wa mitambo melini niliijua vizuri: ni tumbo la chini kabisa la meli, maji yanapojikusanya na kunuka kama yai viza.

Ndiyo maana barua yako imenitoa jasho. Unajisifu kwamba ngama yenu hainuki, maji yake maangavu, na mnayavuta kwa pampu asubuhi na jioni. Ndugu yangu, ngama ya meli isiyovuja hunuka, kwa sababu maji yake yamelala. Yenu yanaingia sasa hivi kutoka baharini.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo naituma barua hii kwenye bandari mnayokwenda. Ukiipata, shuka. Acha hata begi.

Mama sijamwambia. Yuko barazani, anawasomea majirani pale unaposema meli yenu ni safi mpaka chini.

Ni mimi kaka yako, ninayeingoja sauti yako.