Bibi Faini wa Maktaba ya Kinyozi

Mama watoto, mwaka umeshazunguka tangu mchana ule uliposema unanyoosha mgongo kidogo tu, tusikuamshe mpaka chai iwe tayari. Chai ikawa tayari. Wewe ulikuwa umeshaondoka, kimya kimya, wewe ambaye maisha yako yote hukuwahi kufanya kitu kimya kimya.

Mpaka leo nikilala nasogea upande wa ukutani nisikubane. Binti yetu ananicheka. "Baba, kitanda chote ni chako sasa." Namwambia aniache na mazoea yangu.

Wengine watakaosoma hapa gazetini hawajui hata jina lako. Wanakujua kwa Bibi Faini, basi. Mwanzoni ulilichukia hilo jina, anayelitamka ulikuwa unamtolea macho. Baadaye ukalizoea hadi mtu akikuita kwa jina ulilopewa na wazazi wako hugeuki, unadhani anaitwa jirani.

Vijana wanadhani maktaba ile ilijengwa iwe maktaba. Lilikuwa duka langu la kunyolea! Viti viwili vya kuzunguka, vioo viwili vya ukutani, na benchi la wanaosubiri. Wewe ulikuwa unafagia shule moja iliyokuwa inahama, nao walitaka kuchoma vitabu vilivyochakaa. Ukaja na gunia kichwani, jasho linakutiririka. Nikakuuliza mbele ya wateja, "Mke wangu, hizo kuni umezitoa wapi?"

Ukasema, "Kuni wewe. Hivi ni vya hawa wanaosubiri. Wakikaa bure wanakusengenya."

Watu walicheka mpaka yule niliyekuwa namnyoa akabaki na ndevu upande mmoja.

Basi ukagongelea rafu moja ukutani. Ikaja ya pili. Duka ulininyang'anya polepole, kama unyevu unavyopanda ukuta. Siku moja nimenyoosha mkono nichukue mashine, kuangalia nimeshika kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Mzee mmoja mwenye upara, unywele wa dawa hana, akawa anakuja kila asubuhi na kukaa kwenye benchi na kitabu. Nikimuuliza anataka mtindo gani, ananiambia, "Endelea na kazi yako, kinyozi, mimi nimefika panapochemka." Na mikono yangu ilipoanza kutetemeka hukunificha. "Mume wangu, sasa masikio ya watu yako hatarini." Nikatundika mkasi. Kiti kimoja tukampa kinyozi mwingine, cha pili ukakikatalia mlangoni kisitoke. Kumbe ulikuwa na kazi nacho.

Wa kwanza kukipanda alikuwa fundi mwashi wa mtaa wetu. Alikaa na kitabu mpaka tukamsahau, halafu akaja nacho kimeganda saruji.

"Bibi, hela ya faini sina. Kazi zimekauka."

"Nani kakuomba hela? Panda kitini."

"Unaninyoa?"

"Soma. Hapo palipokufurahisha, wasomee hao kwenye benchi. Na kwa sauti, usininong'oneze kama umekuja kuniposa."

Mwashi akasoma, kidole kinatembea chini ya mstari, jasho jembamba linamtoka, na benchi zima likamwinamia kusikia. Muuza mkaa alikuwa ameleta gunia, mama wa watu ambaye shule aliiona kwa nje tu. Hakuondoka mpaka mwashi alipofunga kitabu. Kuanzia hapo ikawa ndiyo sheria: ukichelewesha kitabu, unapanda kitini unawasomea wenzako. Wasiojua kusoma, wenye macho mabovu, na sisi tulioacha shule mapema kwenda kushika mkasi, tukapata vitabu vizima kwa masikio. Wako waliochelewesha kusudi. Mwalimu mmoja mstaafu hakuwahi kurudisha kitabu kwa wakati, na siku ya faini anakuja amechana nywele na glasi yake ya maji mkononi.

Mengine uliyofanya nikiyasema yote gazeti halitatosha, na binti yetu anayeniandikia ameshaanza kunikonyeza. Lakini lazima niseme la miwani. Droo niliyokuwa naweka nyembe uliijaza miwani ya kusomea, mtu anajaribu hii na ile, akipata inayomfaa anaazima kama anavyoazima kitabu. Magazeti uliyatundika kwenye kamba ya taulo. Fomu za watu uliwajazia, na kuwakemea juu yake: "Umri wako huujui? Mama yako ulikuwa unamuuliza nini siku zote hizo?" Mchana watoto walifanyia kazi zao za shule pale kwenye benchi. Kila wiki kapu la vitabu lilikwenda wodini, kwa wagonjwa wa binti yetu nesi. Na upangaji wako ule! Vitabu vya uzazi usawa wa mkono, wenye mimba wasiiname wala wasipande stuli. Vya mapenzi mbele ya meza yako, ili umwone anayechukua na usimwambie mama yake.

Lakini kuandika nani kachukua nini, hapana. "Nikikuandika maana yake nimekushuku." Yote yalikuwa kichwani mwako. Ukaondoka nayo.

Msiba ulipokwisha tulifungua tena. Binti yetu anatoka zamu hospitalini macho mekundu, anakwenda kukaa pale. Hakuja mtu. Vitabu vilivyokuwa nje havikurudi hata kimoja, na rafu zikawa na mapengo kama kinywa changu. Watu walipita ng'ambo ya barabara, wanatusalimia kwa adabu zote, wanaharakisha.

"Baba, wametuzunguka," binti akasema. "Au walikuwa wanamtaka mama tu, maktaba hawana haja nayo."

Nikamwambia tungoje. Tukangoja, miezi ikapita. Mwisho akaja bwana mmoja wa halmashauri, kijana mpole, kavaa vizuri. Akasema wana jumba jipya la maktaba, taa nzuri, kimya kabisa, na wangechukua vitabu vilivyobaki kwetu visije vikaliwa na mchwa. Nikakubali, shingo upande. Binti anachoka, mimi macho yanakwenda, na hodi haipigwi. Tukaagana kwamba Jumatatu atakuja na gari, na hapo maktaba yako ingekuwa imekwisha.

Siku moja kabla, mimi na binti tunafunga mafungu kwa kamba, muuza mkaa akajaa mlangoni, mikono kiunoni.

"Kinyozi, mnafanya nini?"

"Tunafunga, dada yangu. Vinakwenda kwenye jumba jipya."

"Mnafunga? Na yule mwanamke bado yuko kisimani?"

Binti yetu akamwangalia kama anataka kumpima joto. "Mwanamke gani, shangazi?"

"Wa kwenye hadithi! Si dereva wa lori alikuwa anatusomea? Yule mama kateremshwa kisimani achukue funguo, kamba ikakatwa, pwaa! Dereva akafunga kitabu, akasema tutaendelea wiki ijayo. Wiki hiyo ndiyo Bibi Faini akatutoka. Tangu hapo mimi nabeba mkaa wangu nawaza, maji yamemfika wapi?"

"Si umuulize dereva," nikasema.

"Nimekwenda kwake. Kitabu kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cheupe kama kitoto kichanga, hataki hata kiguswe. Anasema nyinyi mna msiba, kuwaletea kitabu ni kama kuwaambia sisi na marehemu tumemalizana. Na si yeye peke yake. Mwashi anacho, mwalimu anavyo chungu nzima, mwenye upara ndiyo usiseme. Wote wanangoja muwaambie."

"Wanatungoja sisi?"

"Sasa wamngoje nani?"

"Na sisi tunawangoja wao," binti yetu akasema. Akakaa kitako juu ya fungu la vitabu akacheka mpaka machozi. Yalianza machozi ya kicheko, yakaishia kuwa mengine. Muuza mkaa akampa upindo wa nguo yake ajifute, akampaka masizi uso mzima.

Jumatatu asubuhi alimleta dereva, kamshika mkono kama anayepelekwa sindano. Dereva ana fulana tu, kitabu kakikumbatia kifuani.

"Shikamoo mzee. Mimi sikutaka kuwavunjia heshima."

"Marahaba. Panda kitini, mwanangu. Faini yako imeota ndevu."

Habari ilishazunguka mtaa. Akina mwashi, mwalimu na mwenye upara walikuwa wameshabanana kwenye benchi, na wengine wamesimama mlangoni. Dereva akaanza kusoma, sauti ya kukwaruza ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Hapo hapo gari la halmashauri likasimama nje. Yule bwana akaingia na wapagazi nyuma yake.

"Hodi wenyewe, tumekuja kuchu..."

"Shhh!" Muuza mkaa hata hakugeuka. "Yuko kisimani."

Bwana akasimama. Wapagazi wakajikalia juu ya mafungu. Kwenye hadithi yule mama akashika mzizi, mzizi ukakatika. Akashika jiwe, jiwe likateleza. Nikaona vioo vyangu vya kunyolea vimejaa watu waliokodoa macho, hakuna anayejiangalia. Dereva alipotua kidogo kupumua, bwana wa halmashauri akauliza taratibu, "Samahani. Kamba aliikata nani?"

"Ndilo tunalolitafuta," mwashi akamjibu. "Kaa au toka, unatuziba mwanga."

Akakaa. Alikaa pembeni ya muuza mkaa, na suruali yake ile nzuri haitakuja kuwa nzuri tena.

Walipomaliza sura ile alinifuata pembeni. "Mzee, nisikudanganye. Kule kwetu jambo hili halitaruhusiwa. Kule ni kimya."

"Basi, mwanangu, vitabu hivi kimya havijafundishwa," nikamwambia. "Utavitesa bure."

Akacheka kidogo, akatazama benchi, akawaambia wapagazi wafungue kamba. Wakavipandisha kwenye rafu, hovyo hovyo, ungewachapa. Gari likaondoka tupu.

"Na nani atakuwa anafungua?" binti yetu akauliza, maana yeye hadanganyiki na furaha ya asubuhi moja. "Mimi nina wagonjwa. Baba mzee. Msinichekee, nataka jibu."

Siku hiyo hakuna aliyeangalia chini. Mwalimu akashika asubuhi. Dereva akasema siku asizo na safari ni zake. Mwashi akaahidi kuziba paa panapovuja, na ameshaziba. Kufungua mlango na kufagia nikachukua mimi, ndiyo kazi yangu tangu ujana. Binti akasema yeye Jumamosi tu, na wakileta ugomvi anaondoka na droo ya miwani.

Basi vikaanza kurudi, mke wangu, ungekuwepo! Kimoja kilikuja ndani ya foronya. Kimoja kimeng'atwa na mbuzi, na mbuzi mwenyewe kaletwa kama shahidi. Mama mmoja alirudisha alichokiazima kabla hajaolewa, akapanda kitini akasoma na mjukuu mapajani, mjukuu akilala anamwamsha: "Sikiliza, faini hii na wewe imo." Wanaongoja kusoma ni wengi kuliko waliowahi kungoja wembe wangu, nami sina kinyongo. Kidogo tu ninacho.

Na yule mama alitoka kisimani. Nani aliikata kamba sisemi hapa, maana kitabu kinaazimwa.

Pengo lako halizibiki, hilo nisilifunike. Kuna jioni nafunga duka nasahau, nasema "twende" kwa sauti, halafu natembea peke yangu. Lakini nyumbani nafika nimeshiba maneno, nina cha kusimulia, na mtu mwenye cha kusimulia hajakuwa maskini. Nimeridhika. Na wewe ridhika huko uliko, Mungu akupumzishe.

Nanyi mlio bado na vitabu vyake, juu ya kabati, chini ya mto, mlikovihifadhi kwa heshima: sisi wenye msiba ndio tunaowaambia, msingoje tena. Hamjatukosea lolote. Mlango uko wazi tangu asubuhi. Leteni, mpande, mtusomee.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, kinyozi wako; binti yako nesi; mwanao fundi umeme na mkewe; wajukuu zako wote, na yule mchanga aliyezaliwa nyuma yako ambaye ameshatafuna jalada moja; dada yako mkubwa; wifi zako, hata yule mliyekuwa hampatani; na wote wa kwenye benchi.

Bibi Faini, hatujakusahau na hatutakusahau.