Vikombe Vinne vya Mchele

Baba na watoto,

Nimewahi zamu. Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Kitunguu kimoja, si vitatu. Mchele uliobaki ~~usiguswe mpaka Jumamosi~~ pikeni wote.

Asubuhi niliwafokea kwamba mnapakua kama mko harusini, maana leo tarehe ishirini tu na tumeshaanza kukwangua debe. Mlipotoka nikaibandua ratiba ya chakula ya mwezi pale kwenye friji, nikahesabu upya, kikombe kimoja kwa kila mtu: cha Baba, cha Bibi, na vyenu watoto viwili. Vinne. Nikarudia mara mbili. Kumbe miezi yote hii napanga mimi, naenda sokoni mimi, napika mimi, na mimi mwenyewe sikujiweka.

Haya, samahani kwa makelele. Lakini na nyinyi, friji mnaifungua mara ishirini kwa siku, hakuna hata mmoja aliyeona?

Nimejiandika kwa kalamu nyekundu. Jioni nikirudi msinibakizie ukoko. Leo nipakulieni wa kwanza.

Mama